Kambili Hakukua Peke Yake

Ukimwomba mwanafunzi wa fasihi amweleze mhusika kijana, mara nyingi utapewa orodha: mpole, mtiifu, mwoga, ana huruma, mwishoni akawa jasiri. Orodha hiyo itampatia alama mbili tatu, lakini haisemi huyo kijana alibadilikaje. Sifa huja mwishoni, kazi ikiwa imeshafanyika. Kazi yenyewe hufanyika kati ya mtu na mtu: nani yuko mbele ya nani, nani ana ruhusa ya kusema, nani anameza maneno yake.

Mfano wangu mkuu ni Purple Hibiscus ya Chimamanda Ngozi Adichie, iliyotoka mwaka 2003. Pembeni nitaiweka Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Riwaya hizi zimepishana zaidi ya miaka thelathini na nchi ni mbili tofauti, lakini zote zina baba Mkatoliki mwenye mkono mzito, mama anayepigwa, na binti mwenye akili darasani. Halafu zinaachana, na pale zinapoachana ndipo pananivutia. Nitataja miisho ya zote mbili, kwa hiyo kama hujazisoma na hutaki kuharibiwa utamu, zisome kwanza.

Kwa wenye kuhitaji kukumbushwa: Kambili Achike ana miaka 15, kaka yake Jaja ana 17. Wanakaa Enugu, Nigeria, katika nyumba kubwa ya baba yao Eugene, mwenye viwanda na mmiliki wa gazeti linaloikosoa serikali ya kijeshi. Mitaani Eugene ni mtu wa watu, analipia watoto wa wengine ada na kulichangia kanisa. Nyumbani anampiga mkewe na wanawe kwa jina la Mungu, na muda wa watoto umepangwa kwa ratiba iliyobandikwa ukutani: kusoma, kula, kusali, kulala. Mambo yanaanza kulegea pale shangazi yao Ifeoma, mjane na mhadhiri wa chuo kikuu cha Nsukka, anapowachukua wakakae kwake.

Jozi kwanza, majina baadaye

Wahusika wenye uzito katika riwaya hii ni kama kumi: Baba, Mama, Kambili, Jaja, shangazi Ifeoma na wanawe Amaka, Obiora na Chima, babu yao Papa-Nnukwu, na Padre Amadi. Watu kumi wanatoa jozi 45. Hakuna anayeweza kuzifuatilia zote, na nyingi hazina kitu. Chima na Padre Amadi, kwa mfano, hawatakupa hata mstari. Chagua tano. Mimi ningechagua Kambili na Baba, Kambili na Jaja, Kambili na Amaka, Jaja na Obiora, kisha Mama na Baba. Jozi ya Kambili na Padre Amadi itakuita kwa sauti kubwa kwa sababu ina mapenzi ndani yake. Nitarudi kwake.

Usomaji wa kwanza usiandike kitu. Soma ufurahie au ulie. Wa pili chukua daftari, uipe kila jozi ukurasa wake wenye safu nne. Ya kwanza ni namba ya ukurasa kitabuni. Ya pili ni tukio, kwa maneno yasiyozidi kumi na tano. Ya tatu ni nani alinyamaza. Ya nne ni kitu gani kilikuwa mkononi au mezani. Matukio sita hadi manane kwa jozi moja yanatosha. Yakizidi kumi na mawili, ujue umeanza kunakili riwaya.

Wengi huiruka safu ya nne wakidhani ni mapambo. Chukua chai. Eugene anapokunywa chai yake huwapa watoto funda mojamoja, ikiwa bado inachoma, na nyumba nzima inajua kwamba hilo ni funda la upendo. Ulimi wa Kambili unaungua, naye anafurahi, kwa sababu anaona mapenzi ya baba yamemwingia kupitia kule kuungua. Hapo umepata uhusiano wao wote ndani ya kikombe kimoja, na mwandishi hakuhitaji kuandika popote kwamba mtoto huyu amefundishwa kuchanganya maumivu na mapenzi. Mbele sana, Mama anapoamua kummaliza mumewe, sumu anaitia kwenye chai. Aliyeandika neno "chai" kwenye ukurasa wa Kambili na Baba, kisha akaliandika tena kwenye ukurasa wa Mama na Baba, ana aya nzuri ya insha bila jasho.

Safu ya tatu, ya ukimya, ndiyo tajiri kuliko zote katika kitabu hiki. Kambili na Jaja huongea kwa macho. Swali linaulizwa kwa jicho na kujibiwa kwa jicho, kwa sababu maneno mezani yana gharama. Andika kila mara macho yanapofanya kazi ya mdomo, halafu angalia ni lini Jaja anaanza kuyakwepa macho ya dada yake au kutamka waziwazi kile ambacho zamani kingebaki jichoni. Kuna mambo ambayo hawajawahi kuyasema hata kwa macho. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto cha Jaja kimepinda tangu akiwa na miaka 10, alipokosa maswali mawili ya mtihani wa Komunyo ya Kwanza na baba yake akajifungia naye ghorofani. Mkono wa kulia ulisalimika kwa sababu ndio wa kuandikia. Angalia Kambili anavyoisimulia habari hiyo kwa utulivu. Huo utulivu nao uandike.

Panga upya siku

Hapa ndipo wengi huteleza. Riwaya haianzi mwanzoni. Inaanza Jumapili ya Matawi: Jaja amekataa kupokea Komunyo, Baba anamrushia kitabu cha misa, kinamkosa na kuvunja vinyago vya Mama kwenye shubaka. Baada ya hapo msimulizi anarudi nyuma kwa sehemu kubwa ya kitabu, kisha anaivuka Jumapili hiyo na kuendelea, na mwisho anatuleta wakati wa sasa. Darasani tunaiita mbinu rejeshi, tunaitaja kwenye swali la fani, basi. Lakini mbinu hii inaathiri moja kwa moja swali la ukuaji. Ukifuata kurasa zilivyo, Jaja anaonekana amezaliwa mbishi na hana cha kukua.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno "mabadiliko", chora mstari wa siku jinsi zilivyotokea, sio jinsi zilivyosimuliwa. Ukishaupanga unaona ngazi. Kwanza Jaja anafika Nsukka na kuanza kuitunza bustani ya shangazi. Akirudi Enugu anamwomba baba yake ufunguo wa chumba chake mwenyewe, ombi ambalo katika nyumba ile ni kama uasi. Miche ya haibiskasi ya zambarau nayo imesafiri naye hadi nyumbani, na baadaye anarudi Nsukka, anaona zaidi. Jumapili ya Matawi iko mbali kwenye mstari huu, ingawa ndiyo ya kwanza kitabuni. Kukataa Komunyo hakukutoka hewani. Kulitanguliwa na ombi dogo la ufunguo, na ombi la ufunguo lilitanguliwa na udongo wa bustani.

Kisha mtazame Jaja akiwa na Obiora, jozi ambayo karibu kila mtu huisahau. Obiora ana miaka 14, mdogo kwa Jaja kwa miaka mitatu, lakini anauliza maswali, anabishana na wakubwa, na kwa kuwa baba yake amekufa anajiona ana wajibu kwa mama yake. Jaja anamtazama na kujipima. Baadaye anasema wazi kwamba alipaswa kumlinda Mama, na anamtaja Obiora kuwa mfano, tena mdogo kwake. Bila jozi hii, uamuzi wake wa mwisho wa kujitwika kosa la mauaji ambayo hakuyafanya utaonekana kama kishindo cha filamu. Ukiwa nayo, unaona kijana analipa deni alilojiwekea mwenyewe. Deni hilo linamfunga jela karibu miaka mitatu, na jela inamrudisha kimya, akiwa mgumu kuliko alivyokuwa. Kwangu hii ndiyo sababu ya kuliogopa neno "ukuaji" likitumika kama sifa njema. Jaja amekua, na kukua kumemvunja.

Majani ya orah

Kama nafasi inatosha kwa tukio moja tu, chagua lile la mboga. Kambili yuko jikoni kwa shangazi. Hajui kuandaa majani ya orah, na Amaka, binamu yake wa rika lake, anamdhihaki: pengine kwa matajiri mboga hiyo haiandaliwi. Si mara ya kwanza kwa Amaka kumchoma kwa maneno, na kila mara Kambili humeza. Safari hii shangazi Ifeoma anapandisha sauti, na anayekemewa ni Kambili. Anamuuliza kama hana mdomo, amjibu! Kambili anamjibu Amaka, kwa upole, kwamba hana haja ya kupiga kelele, kuandaa orah hajui, lakini Amaka anaweza kumwonyesha. Amaka anaangua kicheko.

Mwanafunzi mvivu ataandika: "Hapa Kambili anaonyesha ujasiri." Hajakosea sana, ila amemaliza maneno. Angalia nani alikuwa pale. Wapo watatu. Jozi ya Kambili na Amaka ilikuwa imekwama, na mtu mzima aliyewapenda wote wawili ndiye aliyeikwamua. Hakumtetea Kambili, jambo ambalo lingemwacha bubu palepale alipokuwa, alimdai sauti. Angalia pia jibu lenyewe lilivyo: halina tusi, na limekiri kutojua. Katika nyumba ya Eugene kutojua ni dhambi. Kambili alipokuwa wa pili darasani, baba yake alimpeleka shule akamuuliza Kambili: yule msichana aliyekuwa wa kwanza ana vichwa vingapi? Kisha akampa kioo ahesabu vyake mwenyewe. Huko Nsukka mtoto huyohuyo anasema hajui, na kinachofuata ni kicheko. Weka matukio hayo mawili ubavu kwa ubavu na uyaache yajisemee.

Hiyo ndiyo kanuni ninayoitegemea kuliko nyingine yoyote: tafuta matukio pacha. Hali ileile, mtu mwingine au wakati mwingine. Mtoto hajui jambo mbele ya Baba, mtoto hajui jambo mbele ya Ifeoma. Mtoto ananyamaza mezani Enugu, mtoto ananyamaza mezani Nsukka ambako kila mtu anaongea kwa mpigo. Mabadiliko hayaonekani kwenye tukio moja, hata liwe na machozi kiasi gani.

Rosa alikosa nini

Sasa twende Ukerewe, kisiwa cha Tanzania, kwenye Rosa Mistika. Zakaria, baba wa Rosa, ni mlevi, lakini kwa huyo binti yake mkubwa ni askari. Charles anamwandikia Rosa barua, Zakaria anaigundua, Rosa anapata kipigo na aibu. Anafika sekondari ya bweni bila kuwahi kujifunza namna ya kuongea na mwanamume, kukubali au kukataa, na uhuru unamzoa kama mafuriko. Mwishoni Charles anarudi akiwa mchumba, anajua yaliyopita, anamkataa, na Rosa anajiua.

Riwaya hii iliwahi kupigwa marufuku shuleni Tanzania kabla ya kuruhusiwa tena, na bado inasomwa kwa namna inayonikera: Rosa alikuwa mwema, akaharibika, kwa hiyo ni mhusika duara (yaani anayebadilika), na funzo ni wasichana wajitunze. Hilo halielezi kitu. Linganisha jozi. Rosa na Zakaria wanafanana na Kambili na Eugene: amri, kipigo, hofu. Regina, mama wa Rosa, na Beatrice, mama wa Kambili, wote wanawapenda mabinti zao na wote hawawezi kuwakinga kwa sababu wao wenyewe hawana kinga. Hadi hapo uzani ni sawasawa. Kinachokosekana upande wa Rosa ni Ifeoma.

Tena tusiseme tu kwamba Rosa hakuwa na mtu wa kumpenda. Regina alimpenda. Ifeoma ana vitu ambavyo mapenzi peke yake hayatoi. Ni dada wa Eugene, kwa hiyo anaweza kumbishia bila kupigwa. Ana mshahara wake, ingawa mdogo, na nyumba yake, ingawa maji yanakatika na petroli ya gari ni ya kupimapima. Ana akili ya kumjua ndugu yake: anapotaka watoto waruhusiwe, hasemi wanahitaji kupumua, anasema atawapeleka Aokpe, mahali panaposemekana Bikira Maria amewatokea watu. Eugene atakataaje hija? Wakishafika Nsukka, shangazi anazichukua zile ratiba na kuziweka kando. Hiyo ndiyo nafasi ya mtu wa tatu katika riwaya za vijana: mtu mzima aliye nje ya mamlaka ya baba lakini ndani ya ukoo. Ukisoma riwaya yoyote ya aina hii, mtafute mapema. Kama hayupo, anza kuogopa kwa ajili ya mhusika wako.

Sauti ya usimulizi nayo inachangia. Kambili anasimulia mwenyewe, kwa hiyo amenusurika kiasi cha kuweza kusimulia. Rosa anasimuliwa na mwingine hadi kaburini.

Nani hasa amebadilika?

Kuna mtego mwingine, na mfano wake safi kabisa ni The Outsiders ya S. E. Hinton, ya mwaka 1967, kule Tulsa, Marekani. Ponyboy, miaka 14, ameachwa na wazazi waliokufa kwenye ajali ya gari, analelewa na kaka zake. Mkubwa, Darry, ana 20. Kwa muda mrefu Ponyboy anatuhakikishia kwamba Darry hampendi. Usiku mmoja anachelewa kurudi, Darry anampiga kofi, naye anakimbia. Siku chache baadaye hospitalini anamwona Darry akilia, na anaelewa kwamba ukali wote ule ulikuwa woga wa kupoteza ndugu mwingine. Wanafunzi huandika kwamba Darry alibadilika akawa na upendo. Hapana. Darry ni yuleyule tangu ukurasa wa kwanza. Kilichobadilika ni jicho la msimulizi. Rudi nyuma utakuta ushahidi wa mapenzi ya Darry ambao Ponyboy mwenyewe alituripotia bila kuuelewa.

Msimulizi kijana wa nafsi ya kwanza anaripoti vizuri na kuhukumu vibaya. Tenganisha. Kambili anatueleza kwa usahihi jinsi baba yake alivyowamwagia maji ya moto miguuni, yeye na Jaja, kwa sababu walilala nyumba moja na babu yao asiye Mkristo, na bado anatamani asifiwe na baba huyohuyo. Ukimlaumu kwa kutomchukia Eugene umemwomba awe mhusika wa kitabu kingine. Mpaka mwisho bado anampenda. Ila amejifunza kulala juu ya vipande vya picha ya Papa-Nnukwu iliyochorwa na Amaka, baba yake alipoichana, na kukataa kuinuka hata anapopigwa mateke mpaka kuzimia. Mapenzi na ukaidi vinakaa mwilini pamoja, na insha yako ivikubali vyote viwili.

Kuhusu Padre Amadi: anamfundisha Kambili kukimbia na kucheka, na Kambili anampenda. Wengi wanamfanya yeye kuwa sababu ya ukuaji wote, labda kwa kuwa tumezoeshwa kwamba msichana hukua akipata mpenzi. Hesabu kwenye mstari wako wa siku. Amaka na Ifeoma walikuwa wameshaanza kazi. Padre anaikuza sauti ambayo imeshapatikana jikoni, kisha anahamishiwa Ujerumani, na Kambili haanguki. Aya moja inamtosha.

Unapoandika, kila aya ibebe jozi moja na matukio pacha mawili, useme kati yao kimetokea nini, na dondoo isizidi mistari miwili. Majina ya "bapa" (asiyebadilika) na "duara" yaje baada ya ushahidi. Yakitangulia, mkono utaanza kutafuta mifano ya kuyatetea, na kila kisichoingia humo utakitupa.

Na ukibakiwa na nafasi kidogo, mpe Mama. Wengi humweka kwenye kundi la wahusika wadogo kwa sababu haongei. Lakini fuatilia safu yake ya nne: vinyago vile vya shubakani, ambavyo huvipangusa kwa uangalifu kila baada ya kupigwa. Siku vinapovunjika anasema hana haja ya kununua vingine. Kambili hajui bado kwamba amesikia uamuzi. Baada ya kifo cha Eugene, mwanawe akiwa gerezani, Mama anawaambia watu kwamba ni yeye aliyemuua, na hawamwamini. Wanadhani ni msiba umemchanganya. Mwanamke aliyenyamaza kitabu kizima anasema ukweli na hana msikilizaji. Nimeona insha nyingi juu ya ukimya wa Kambili. Juu ya huu wa pili, wa kusema usisikike, bado natafuta hata moja iliyoandikwa vizuri.